Mistari ya Kisugu: Safari Yangu Kwenye Mchujo wa Afande Aciro

Sikuondoka nyumbani Kimilili kwa sababu ya siasa. Niliondoka kwa ajili ya marehemu ndugu yangu Wafula, na kwa ajili ya mwanamke aliyetuletea mwili wake kutoka Kampala.

Mliokuwa kwenye mazishi mnamkumbuka. Ndiye yule askari polisi mrefu, Muacholi, aliyesimama kando ya kaburi akiwa na sare zake na kutueleza kwamba nguzo ya stima iliyooza ilianguka karibu na chumba cha Wafula huko Kisugu, nyaya zake zikamuua, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameandika barua tatu akiomba ing'olewe. Jina lake ni Aciro. Sasa amestaafu. Mwezi uliopita alinipigia simu. Bodi inayosimamia umeme kwao ilikuwa imetenga kiti kimoja kwa ajili ya mwakilishi wa watumiaji, na kila mji ulitakiwa kwanza kumpata mgombea wake kwa mchujo. Aciro alikuwa amejitosa.

"Mwalimu, kuja unisaidie," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mimi nasema habari ya Wafula kila mahali, lakini watu wanauliza, wewe ni nani wake? Wakiona ndugu yake watajua si uongo."

Nilimweleza Mama. Alikuwa akichambua maharagwe, na mikono yake haikusimama.

"Nenda," alisema. "Yule mama alitutendea utu. Lakini usimfanye mtoto wangu bango la kura."

Jumatatu asubuhi nilivuka mpaka pale Malaba. Afisa aliyegonga muhuri aliuliza naenda kufanya nini, nikajibu naenda kumtembelea rafiki wa familia. Kutoka hapo basi lilipita mashamba ya mpunga, kisha miwa, kisha daraja la Jinja. Baada ya mto ule niliona nguzo kubwa za chuma zikibeba nyaya nene kuelekea magharibi, zikipita juu ya mapaa ya nyumba nyingi ambazo hazikuwa na waya hata mmoja unaoingia ndani. Jirani yangu kwenye kiti, mwanamke aliyekuwa akila gonja, ile ndizi yao ya kuchoma, aliona ninavyotazama. "Hiyo inapita tu," alisema. "Inaenda kwa wenyewe."

Saa tisa alasiri Aciro alinipokea Kampala. Alikuwa amekonda tangu mazishi, lakini bado alitembea kama anayekagua gwaride. Alinipeleka Naguru, kwenye makazi ya polisi, ambako anaishi na binti yake aliyefuata kazi ya mama. Tulikula viazi vitamu na mboga chungu iliyoungwa kwa karanga, kisha akanionyesha daftari lake. Kila ukurasa ulikuwa na nguzo moja: mtaa, alama ya karibu, na ubovu wake. Imeinama. Imeliwa na mchwa. Waya inagusa mabati. Alikuwa amezizungukia zote kwa miguu.

Jumanne tuliwazungukia majirani zake hapo Naguru. Karibu wote ni familia za askari, wengi kutoka kaskazini, Wakristo na Waislamu pamoja, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Walimpenda. Mzee mmoja aliyewahi kuwa sajini alimshika mkono akamwambia, "Afande, sisi iko nyuma yako." Lakini tulipofika kwenye sharti la kupiga kura, nyuso zilibadilika. Anayeruhusiwa ni mtu ambaye mita ya umeme imeandikwa kwa jina lake. Nyumba zile ni za kazi, mita si zao. Yule sajini aliyekuwa na kibanda chake mwenyewe nje ya kambi ndiye aliyeweza, na wengine wachache. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wanaomhitaji Aciro na wanaoweza kumchagua si watu walewale.

Jumatano, saa nne asubuhi, wagombea wote walialikwa kwenye ukumbi wa shule moja ya Old Kampala, chini ya mnara wa ule msikiti mkubwa. Ukumbi ulijaa wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha. Mpinzani mkuu wa Aciro alikuwa Hajji Lubega, muuzaji wa vifaa vya umeme, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alizungumza juu ya bei. Aciro alizungumza juu ya nguzo, kisha akaniita mbele.

Nilisimulia kama nilivyosimuliwa: mvua, nguzo iliyooza, barua tatu, na ndugu yangu aliyekufa bila kosa. Nilipotamka maneno hayo ya mwisho, mtu aliyekaa nyuma alipaza sauti: "Kamyufu!"

Watu wakacheka. Neno hilo nilikuwa nimelisikia tangu nilipofika. Ndivyo wanavyouita mchujo. Nikadhani anatushangilia. Niliinua mkono nikamshukuru. Kicheko kikaongezeka mpaka watu wakapiga meza.

Hajji Lubega alisimama. "Banange, jamani, acheni," aliwaambia. "Mumuheshimu mugeni. Mutu amefiwa." Kisha akanigeukia. "Pore sana, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda.

Ile pole ndiyo iliyonishtua. Haikuwa pole ya msiba. Ilikuwa pole unayompa mtu ambaye hajui jambo ambalo wengine wote wanalijua.

Tulipotoka nje nilimsimamisha Aciro kwenye ngazi za shule.

"Kamyufu ni nini?"

"Ni jina ya uchaguzi hii yetu," alisema. "Lakini pia ni jina ya fundi ile anaunganisha watu umeme ya wizi."

"Na Wafula?"

"Nguzo ilikuwa imeoza, hiyo ni kweli. Barua niliandika, hiyo ni kweli. Lakini waya ile ilimuua, aliifunga yeye mwenyewe. Siku ile mvua ilikuja, nguzo ikaanza kulala. Alipanda kuikata kabla haijagusa nyumba ya watu. Haikumpa nafasi."

Niliketi kwenye ngazi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wale wote nikimwita ndugu yangu mtu asiye na kosa, nao walijua.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mbele ya mama yenu, Mwalimu? Na kaburi iko wazi?"

"Na sasa? Ulipoinua simu ukaniita?"

Hapo alishindwa kunitazama. "Sasa nilikuwa nataka kushinda," alisema.

Nilimwambia kesho yake napanda basi. Hakunizuia.

Alhamisi asubuhi mkoba wangu ulikuwa tayari, lakini niliona aibu kurudi kwa Mama bila kuona mahali mwanawe alipofia. Nilikwenda Kisugu peke yangu kwa bodaboda. Chumba cha Wafula kilikuwa na mpangaji mwingine. Mbele yake kulikuwa na nguzo mpya, ambayo bado ilinuka dawa ya mbao, na mita kumi mbele yake nyingine iliyoinama kuelekea mabati.

Mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni alinikazia macho. "Wewe ni yule ndugu yake Wafula, mwalimu," alisema. "Paji la uso ni lile lile." Aliitwa Mama Njeri, Mkenya mwenzangu kutoka Murang'a, aliyekuja Kampala na mumewe kufanya biashara. Alinipa kigoda. Nikamuuliza bila kuzunguka kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema. "Alituwashia nyumba saba, na hakutudai chochote ila chai. Sisi tuliomba mita, tukaambiwa mwenye nyumba aje atie sahihi. Mwenye nyumba hataki kuja. Tulimngoja miaka. Halafu mimi nikajifungua kabla ya wakati. Daktari akaniambia mtoto huyu chumba chake kisipoe hata siku moja. Nikaenda kwa Wafula nikalia. Nyumba ya kwanza ilikuwa yangu, Mwalimu. Kama unatafuta aliyemwingiza kwenye hatari, ni mimi."

Mtoto mwenyewe alikuwa shuleni. Alinionyesha sare yake ya akiba iliyoanikwa kwenye kamba, ndogo, ya kijani.

"Na sasa mnatumia nini?"

"Mishumaa. Baada ya msiba walikuja wakakata zote. Walifanya vizuri, tungekufa. Lakini mita hawakuleta."

Nilirudi Naguru mchana. Aciro alikuwa akipiga pasi gauni la mkutano wa mwisho, uliokuwa ufanyike Kisugu kesho yake. Nilimwambia, "Afande, nitabaki kwa sharti moja. Kesho nitasema yote. Ukikataa, napanda basi na hatutakosana."

Alisimamisha pasi wima. Alijua, kama nilivyojua, kwamba Kisugu kuna wenye nyumba wengi, na kwamba hakuna kitu wanachochukia kama wizi wa umeme, maana wanaamini ndio unaopandisha bei zao. Pasi ilitoa mvuke kati yetu.

"Sema," alijibu mwishowe. "Nimechoka kukumbuka ni wapi nimesema nini."

Ijumaa, saa kumi jioni, kwenye uwanja wa kanisa, nilisimama juu ya benchi. Sikuwa na maneno mengi. Niliwaambia kwamba Jumatano nilisema uongo bila kujua. Kwamba ndugu yangu aliiba umeme, na wizi ni wizi, na mimi niliyefundisha watoto amri kumi kwa miaka thelathini siwezi kuupaka rangi. Kwamba aliiba kwa ajili ya watu waliokuwa wameomba kwa haki wakakosa kujibiwa. Kwamba alikufa akijaribu kuukata waya alioufunga usiue wengine. "Sikuja kumwombea Afande kura," nilisema. "Nimekuja kuwaambia kwamba ile nguzo pale imeinama, na chini yake kuna watoto."

Nilishuka kwenye benchi. Kisha mwanamume mmoja aliyevaa koti alisema kwa sauti, "Sasa nyinyi munataka tuchague mutetezi wa wezi?" Akaondoka, na wengine kama ishirini wakamfuata. Aciro alimaliza hotuba yake mbele ya viti vitupu, bila kupunguza neno.

Jumamosi ndiyo siku ya kura. Wenzetu kule, katika mchujo, hawatumii karatasi. Kila mtu husimama nyuma ya anayemtaka, mstari ukahesabiwa mbele ya macho ya wote. Huwezi kuwa na siri. Kwenye uwanja ule ule wa Kisugu, mstari wa Hajji Lubega ulifika mpaka kwenye lango. Wa Aciro ulikomea kwenye kisima. Lakini kando ya ua, nje ya kamba iliyowazunguka wapiga kura, walisimama wasio na mita: wachuuzi, wapangaji, wake za askari, kinamama wenye watoto mgongoni. Walikuwa wengi kuliko mistari yote miwili. Hakuna aliyewaita, wala hakuna aliyewahesabu.

Mama Njeri alipita chini ya kamba akaenda kusimama mwisho wa mstari wa Aciro. Msimamizi alimwomba risiti ya mita.

"Sina."

"Basi nnyabo, mama, utoke."

"Nitatoka," alisema. "Nilitaka tu unione."

Alirudi kwenye ua taratibu, akiwa ameinua kichwa.

Naguru Aciro alishinda. Old Kampala na Kisugu alishindwa, na hesabu ya mji mzima ilikuwa ya Hajji. Matokeo yalipotangazwa Hajji alikuja kumpa mkono.

"Dada," alisema, "lile daftari yako ya nguzo. Nipe, nitaenda nayo kwa bodi nikipita."

Nilidhani atalitoa. Aciro alilibana kwapani. "Sikupi," alisema. "Wewe utasoma makaratasi. Jumatatu uvae viatu ya kutembea, mimi nitakupeleka moja moja."

Hajji alimtazama, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Tulipokaa kula, nilimuuliza kama angeshinda iwapo ningenyamaza.

"Labda," alisema. "Leo nina hasira na wewe, Mwalimu. Itaisha. Kula."

Jumapili nilipanda basi la kurudi. Aciro alinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi, akanipa mkono, akaushika kwa muda.

Jumatatu asubuhi niliketi na Mama jikoni nikamweleza kila kitu, kuanzia kicheko cha ukumbini hadi waya. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Hakulia. Alisogeza kikombe chake kando.

"Zile nyumba saba," aliuliza, "sasa zina taa?"

"Hapana, Mama. Wanatumia mishumaa."

"Na yule mama ameshindwa."

"Ameshindwa."

"Mpigie," alisema. "Mwambie sisi hatukumkasirikia. Mwambie asiache."

Nilitoka Kimilili nikiamini kwamba naenda kulinda jina la marehemu. Nimerudi nikijua kwamba jina la Wafula halikuhitaji kulindwa na mtu kama mimi. Lilihitaji kusemwa lote, jema na baya, kwa sauti inayosikika mpaka nje ya kamba. Nilimpigia Aciro pale pale jikoni. Simu iliita sana kabla hajaipokea, na alipoipokea alikuwa akihema. Alisema nizungumze haraka, maana yuko Kisugu na Hajji, na wamefika kwenye nguzo ya nne.