Darasa la Kihispania Tumati

Tangu dada yangu Mwajuma afariki, sikuwa tena na mtu wa kuzungumza naye Kihispania. Tulijifunza pamoja Arusha, tulipokuwa tukifanya kazi katika hoteli iliyopokea wageni wengi kutoka Hispania, yeye mapokezi na mimi jikoni. Tuliporudi Katesh kushika duka la marehemu baba, tuliendelea nacho nyuma ya kaunta. Tulicheka kwa lugha hiyo, tukagombana kwa lugha hiyo. Alipoondoka nilibaki na lugha nzima kichwani, na hakuna wa kunijibu.

Siku moja kaka yetu, Jumanne, alinikuta stoo nikijisemea peke yangu katikati ya magunia ya sukari. Haukupita muda, akaniletea habari kwamba mkuu wa shule moja ya sekondari huko Tumati, mteja wake, anatafuta mtu wa kuanzisha darasa la Kihispania baada ya vipindi, kwa muhula mmoja wa majaribio.

"Nenda, mdogo wangu," alisema. "Labda huko utapata wa kuongea naye."

Jumapili asubuhi tuliondoka Katesh na lori lake la mizigo. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Tukapita Nangwa, ambako watu walikuwa wakitoka kanisani, na Dareda tukaiacha barabara kuu tukaanza kupanda. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoingia kwenye gari. Dongobesh tulishusha mizigo ya wateja wake, tukanywa chai, tukaendelea. Njia nzima hatukumtaja Mwajuma. Tangu msiba tulikuwa hivyo, mimi na kaka. Tukiongea, tuliongea biashara.

Mchana tulifika Tumati. Mkuu wa shule, Mwalimu Tluway, alitupeleka nyumba ya jirani na shule, kwa Bibi Theresia, mkulima wa vitunguu saumu, ambako ningeishi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hapa kwetu ni baridi tu, mengine yapo." Akamgeukia kaka. "Nimeambiwa ninyi ni Waislamu. Jogoo yuko pale. Mchinje wewe kabla hujaondoka, dada yako ale kwa amani."

Kaka akachinja, tukala, akaondoka. Nilisimama barabarani hadi mlio wa lori ukapotea, kisha nikarudi ndani kwa watu nisiowajua.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Nyumbani kwa bibi walizungumza Kiiraqw. Mimi nilipoingia waligeukia Kiswahili kwa heshima, na maongezi yakafa. Nikawa nawahi chumbani ili wapate kuzungumza. Niliswali peke yangu, nikiwasikia ng'ombe wakijikuna kwenye ukuta. Katika nyumba hiyo aliishi pia mjukuu wa bibi, Veronika, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa pia katika darasa langu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliyenieleza ni Mwalimu Tluway. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyelitaja jina la marehemu.

Darasani nako hali ilikuwa ileile. Wanafunzi waliandika vizuri, ila kusema hawakutaka. Niliuliza swali, wakainamisha vichwa. Wakati mwingine nilijijibu mwenyewe, nikaona kwamba nimesafiri mbali kote huko ili nijisemee mbele ya watu badala ya stoo.

Jumamosi moja, muhula ukikaribia kuisha, tulikaa barazani mimi na Veronika tukichambua vitunguu saumu. Bibi alikuwa ndani. Ukungu ulikuwa umeziba shamba, hata zizi halikuonekana.

"Mwalimu," Veronika alisema polepole, "kufa, kwa Kihispania, inasemwaje? Ya mtu aliyekwisha kufa."

"Murió."

"Na kulia? Mimi, jana na juzi."

"Lloré."

Akayajaribu kwa midomo tu. Kisha akasema, akiangalia vitunguu mikononi mwake: "Mi mamá murió. Yo no lloré." Mama yangu alikufa. Mimi sikulia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya Kihispania kusemwa kwangu na mtu tangu Mwajuma afariki. Sikujibu kama mwalimu. Nikamwambia, kwa lugha hiyohiyo, kwamba dada yangu naye alikufa. Veronika akaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti, huku akiendelea kutafuta maneno. Aliyoyakosa nilimpa. Mengine aliyakosea, nami sikumsahihisha.

Alipotulia nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwa Kiswahili.

"Kiswahili wanakijua wote, mwalimu," alisema. "Na Kiiraqw ndicho cha mama. Kila nikianza, kinanikaba hapa." Akashika koo.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi wa kuamua kama darasa liendelee. Mzee mmoja alisimama.

"Mwalimu, hatukudharau. Lakini watoto wetu wana Kiiraqw cha nyumbani, wana Kiswahili, wana Kiingereza kinachowatoa jasho. Hiki cha nne ni cha kazi gani? Saa hizo wangetusaidia shambani."

Nilieleza niliyokuwa nimeyaandaa: wageni wanaopanda Mlima Hanang, kazi za hoteli, na kwamba mtoto aliyezoea lugha mbili au tatu haiogopi nyingine. Walinisikiliza kwa adabu. Niliona kabisa kwamba nimeshindwa.

Ndipo Bibi Theresia akainuka.

"Mimi hayo ya hoteli siyajui," alisema. "Ninajua kwamba mwaka mzima mjukuu wangu hajaongea nyumbani kwangu. Ndiyo bibi, hapana bibi, basi. Jumamosi nilikuwa nyuma ya mlango, nikamsikia anaongea, analia na kuongea. Sikuelewa hata neno. Ila alikuwa anaongea. Mimi nasema hiyo lugha ibaki."

Akakaa. Mwalimu Tluway aliuliza wanaokubali, na mikono ikainuka, wa yule mzee ukiwa wa mwisho.

Siku ya kuondoka, kaka alipokuwa akipakia magunia ya vitunguu saumu, bibi alinivuta kando.

"Mwalimu, niambie. Siku ile alisema nini?"

Ningeweza kumtafsiria. "Muulize mwenyewe, bibi," nilimjibu. "Kwa Kiiraqw. Sasa nadhani ataweza."

Bibi akafunga khanga vizuri, akaelekea shambani kwa Veronika. Niliwaona wamesimama wanaangaliana. Walichosema sikukisikia, na hata ningekisikia, nisingekielewa.

Tulipoteremka kuelekea Dareda, bonde lilikuwa wazi kabisa. Nilikwenda Tumati kutafuta mtu wa kuongea naye Kihispania, na muhula ujao nitarudi kufundisha. Lakini nimejifunza kwamba lugha ngeni ni kama nyumba ya jirani: unaweza kwenda kulilia huko, ila mwisho inakubidi urudi kwenu.

"Kaka," nilisema, "wewe Mwajuma humkumbuki?"

Alizima redio.

"Kila siku," alisema. "Nilidhani wewe ndiye hutaki."

Akaegesha lori pembeni, tukaanza kumzungumzia.