Siku ya Mwisho Nairobi na Dada Nafula

Harufu ya rangi mbichi ya ukutani hunirudisha kwenye kiangazi nilichotimiza miaka tisa. Nyumba yetu ya Germantown ilinuka rangi wiki nzima, kwa sababu Baba alikuwa akipaka chumba cha tatu kila alipotoka kazini, huku madirisha yakiwa wazi na joto likiingia. Kilikuwa chumba cha dada yangu Nafula, ambaye sikuwahi kumwona ila kwenye simu. Wazazi wetu walimwacha kwa nyanya kule Kitale akiwa na miaka mitatu, wakaja Maryland, Marekani, kutafuta maisha, wakanizaa mimi huku, na kwa miaka kumi na mmoja wakawa wanafuatilia karatasi zake. Sasa alikuwa ameitwa Nairobi kwa mahojiano ya viza. Mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao, aliomba likizo ya wiki mbili, akanikatia na mimi tiketi, tukaenda kumchukua.

Hatukumchukua. Ofisa hakumkataa waziwazi. Alisema faili lina upungufu, kuna cheti kingine kinachohitajika, wasubiri barua. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ndege yetu ilikuwa ya Ijumaa jioni, na likizo ya Mama ilikuwa imekwisha. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi. Nafula alikuwa amesimama mlangoni, tayari amevaa sweta, maana Julai ya Nairobi ni baridi na mawingu hayainuki mpaka saa sita. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko Mama.

"Mama, tusikae humu ndani tukitazamana," alisema. "Twende niwaonyeshe mji."

Yeye mwenyewe alikuwa na siku nne tu Nairobi, tangu mjomba wetu alipomleta. Alikuwa amemuuliza dada anayesafisha vyumba mahali pazuri pa kwenda, akayaandika majina kwa kalamu kwenye kiganja chake.

Tulianza na jengo refu la katikati ya mji, lile ambalo watu hupanda hadi juu ya paa kutazama. Ngazi za mwisho zilimshinda Mama. Alisimama akishika ukuta, akihema, nami nikahisi kifua changu kinabana. Nafula alishuka, akachukua mkoba wa Mama na begi langu, akapanda tena kana kwamba hakubeba kitu.

"Huku tuko juu sana, hewa ni nyepesi," alitueleza. "Nyinyi mmezoea kukaa chini."

Mama alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu jana yake. Juu ya paa upepo ulituchapa usoni. Nafula alituonyesha upande wa uwanja wa ndege, akatuonyesha mbuga ambako watu huenda kutazama simba, akisoma kiganja chake kwa siri. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha haraka cha Kimarekani Kitale iko wapi, Mama akatafsiri. Alitugeuza upande wa pili, kwenye vilima vilivyofunikwa na ukungu. "Huko. Lakini huwezi kuona."

Mchana tulikwenda kwenye bustani yenye ziwa dogo, tukakodi mashua ya kupiga kasia. Mama alikataa kupanda, akabaki ukingoni ameshika viatu vyetu. Nilikuwa na Kiswahili cha kusikia tu, nilichoona aibu kukisema. Siku hiyo, kwa kuwa Mama hakuwepo wa kunitafsiria, nikajikaza.

"Wewe kuja lini?"

Nafula hakunicheka. Alipiga kasia mara mbili tatu kwanza. "Sijui. Ukifika nyumbani lala kwenye kitanda changu, kisikae bure."

Nilimjibu ndiyo, na wakati huohuo nikahisi kitu ambacho sijamwambia mtu mpaka leo. Nilifarijika. Kutwa nzima Mama alikuwa akimtazama yeye, akimshika mkono yeye, na mimi nilijua kwamba jioni, kwenye ndege, atakuwa wangu tena. Nafula aliniona natabasamu, naye akatabasamu, akidhani tumefurahia mashua.

Kwenye uwanja wa ndege Mama ndiye aliyelia. Nafula alimfuta machozi kwa ncha ya leso ya Mama mwenyewe, akamwambia, "Nenda Mama, utachelewa," kisha akamfuata mjomba kwenye maegesho. Nilimtazama hadi mwisho. Hakugeuka. Nyumbani, Baba alitupokea mizigo, akapanda ghorofani, akafunga mlango wa kile chumba.

Barua ilifika, ikataka cheti kingine, kisha Nafula akavuka umri wa kuhesabiwa mtoto, faili likaanza upya. Alikuja akiwa na miaka ishirini na tisa, muuguzi kamili, nyanya akiwa ameshazikwa. Sasa anaishi Columbia, mji mwingine wa hapahapa Maryland, mwendo wa dakika arobaini kwa gari kama barabara haina foleni. Kiswahili changu kimenyooka. Tunazungumza vizuri tu, habari za kazi, habari za theluji. Niliwahi kumtajia ile mashua. Akasema anaikumbuka, akaniuliza kama mtoto wangu amepona mafua.

Jumapili anakuja kwa Mama baada ya kanisa. Mama anasonga ugali, anapika mboga ya mrenda, anamrundikia sahani kuliko sisi wote. Nafula anamaliza kila kitu, anashukuru, anaosha vyombo. Akisikia kiu anasimama mbele ya friji, anamgeukia Mama, na kwa sauti ya adabu anaomba ruhusa ya kuchukua maji. Mama humwambia kila mara, "Si ni nyumbani kwako, mwanangu? Fungua tu." Wiki inayofuata anaomba tena. Mimi nafungua bila kuuliza.