Siku Watoto Wote Walipoinua Mkono wa Kushoto

Naona haya kuisimulia hii, na kama si nyinyi walimu wenzangu ningenyamaza nayo hadi kaburini. Lakini mmeniuliza kwa nini wageni wakija darasani kwangu sitayarishi chochote, basi sikieni.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na klabu ya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa pale mtaa wa Huruma, Nairobi. Watoto hawakuja kukariri majibu ya mtihani (hayo walishindiliwa shuleni wiki nzima, tena kwa kiboko), walikuja kuuliza, kubishana, kufungua redio mbovu waone ndani kuna nini, na mtu akikosea hachekwi. Akinyi wa darasa la sita ndiye aliyeuliza kuliko wote.

Mama yake, muuza mitumba wa soko la Gikomba, hakuridhika. "Mwalimu, huyu ananiambia mnafungua maredio," akaniambia. "Nitakuja siku ya wazazi nijionee. Nikipata ni mchezo tu, Jumamosi anaenda tuition, masomo ya ziada ya kulipia, kama wenzake."

Nikaingiwa na hofu ya kumpoteza yule mtoto, ndipo nikafanya kale kaujanja tunakokajua sote tuliosoma shule hizi, ka siku ya inspekta wa shule, nikawaambia watoto: mgeni akiuliza swali inueni mikono wote, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto, nami nitachagua wa kulia. (Ndiyo, mimi, niliyehubiri mtoto ajifikirie mwenyewe!)

Siku ikafika, ukumbi ukajaa, maswali ya kwanza yakaenda vizuri, wazazi wakapiga makofi na mimi nikavimba kichwa, mpaka Mama Akinyi aliposimama. "Nimefungua belo la mitumba nikakuta nusu ni masweta, na jua ni kali. Nifanye aje?"

Mikono yote ikapaa. Yote ya kushoto. Nikatafuta wa kulia hata mmoja nisiuone, na mzee mmoja kule nyuma akauliza kwa sauti, "Kwani hawa wote ni mashoto?" Watu wakaangua kicheko. Akinyi akasimama bila kuitwa.

"Mama, mwalimu alisema asiyejua ainue wa kushoto. Mimi sijui, lakini naweza kufikiria. Masweta ningewapelekea wale wa kiwandani wanaotoka nyumbani alfajiri. Hao husikia baridi hata msimu wa jua kali."

Kicheko kikakatika. Mama yake hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Nilikuja kuona kama mtoto wangu anafikiri," akasema. "Anafikiri. Wewe ndiye humwamini." Akamshika mkono, wakatoka.

Kesho yake baada ya ibada nikaenda kwao kuomba radhi. "Usiniombe mimi," mama akasema, "muombe yeye." Basi nikasimama mlangoni, mtu mzima mwenye tai, nikamwomba msamaha mtoto wa darasa la sita.

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema. "Lakini uliogopa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa watoto wakionekana hawajui, mimi nitaonekana sijui kufundisha. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na hiyo heshima iliniuma kuliko kile kicheko. Nikaapa palepale kwamba sitamfunza mtoto tena kuficha asichokijua ili kunisitiri mimi.

Lakini imani ya mama yake sikuirudisha: Jumamosi iliyofuata Akinyi alipelekwa tuition kule mtaa wa Mowlem, kukariri.