Nilivyompeleka Baba Mkwe India

Walinichagua mimi kwa sababu ya Kiingereza. Kikao kilifanyika Mtae, sebuleni kwa baba mkwe, mvua inanyesha, na shemeji yangu mkubwa akasema, "Mwalimu ndiye aende. Sisi wengine tutafika kule tuishie kusema yesi na noo." Wakacheka, na mume wangu naye akacheka. Mimi nafundisha sekondari Lushoto mjini, na ukoo mzima ulikuwa umeamua kwamba anayefundisha Kiingereza anaweza kusema jambo lolote mbele ya mtu yeyote. Hakuna aliyejiuliza ni jambo gani hilo litakalosemwa, wala mbele ya nani.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa tezi dume. Hata sasa nikiliandika neno hilo nageuka kuangalia mlango.

Mimi nimezaliwa Rangwi, na mama alinifunda mapema: jina la baba mkwe hulitamki, chumba anacholala huingii, na mkikutana njiani unampisha huku umeinamisha macho. Miaka yote ya ndoa yangu tuliishi hivyo, mimi na mzee yule, na kwa namna hiyo tulipendana sana. Nikipanda Mtae nabeba sukari na majani ya chai. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu, hamjambo huko?" Basi, naingia zangu jikoni. Akinichumia mafyulisi anayaacha kwenye kapu mlangoni, hanipi mkononi. Bibi, mkewe, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nadhani ugonjwa ule ulianza kufichwa siku alipozikwa yeye, maana hapakubaki mtu wa kuambiwa.

Kwa nini India? Kwa sababu ya bei, hakuna kingine. Tulianza Dar es Salaam. Hospitali moja foleni ilikuwa ndefu mno, nyingine ikatutajia gharama mpaka shemeji akavua kofia. Mtu mmoja wa kanisani kwetu alikuwa amempeleka mkewe India kwa ajili ya moyo, akatuambia kwamba kule, hata ukijumlisha tiketi na chumba cha kupanga, bado ni nafuu. Tukauza miti ya mbao ya shambani. Na ilikuwa kweli, sitaki mtu aje aseme nawasingizia: kule ni nafuu, na madaktari wanajua kazi. Shida yetu sisi haikuwa bei tena.

Asubuhi ya kuondoka baba mkwe aliwakusanya wajukuu nyuma ya nyumba, kwenye miche yake ya peasi. Alikuwa ameiotesha ndani ya makopo ya rangi, akaipanga ukutani kwa mstari. "Mwagilieni, lakini mtu asinihamishie mche wangu hata mmoja. Nikirudi nitaipanda mwenyewe." Kisha akaaga, mlango kwa mlango, na kila aliyemuuliza hali alijibiwa nzuri. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu aliyevunjika mguu ukimsalimu atasema nzuri, utakaribishwa, utakunywa chai, na ukishainuka kuondoka ndipo atakuambia kuhusu mguu.

Njiani basi lilisimama abiria wachimbe dawa vichakani, akashuka nao. Wenzake wote walirudi, tukabaki tunamsubiri yeye, kondakta anagonga bodi ya gari kwa kiganja. Nilimwona kwa mbali amesimama kwenye mkonge, ametupa mgongo, hasogei. Nikageuza uso upande wa pili na kumwambia kondakta asubiri, na sauti ilinitoka kali kiasi kwamba aliacha kugonga. Aliporudi alisema, "Poleni kwa kuwaweka, nilikuwa natazama shamba la watu."

Kule hospitalini shida ilianzia mapokezi. Dada wa mapokezi akaniuliza jina la mgonjwa, nikamsogezea pasipoti. Akataka nitamke, asikie linavyosemwa. Nikamsogezea tena pasipoti. Alinitazama kana kwamba nimemteka huyu mzee. Mkalimani wa Kiswahili walikuwa naye mmoja tu, binti mdogo mwenye haraka, anapanda na kushuka ghorofa zote. Alimuuliza baba mkwe kwa sauti kubwa, mbele yangu, kama mkojo unatoka kwa shida. Mzee akageukia ukutani. Tangu hapo kila alipokuja yule binti, mgonjwa wangu alikuwa amelala usingizi.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Akatolewa akiwa na mpira wa mkojo, siku zikapita, mpira ukaondolewa. Sasa, akaeleza daktari, kila kitu kinategemea kama mkojo utatoka wenyewe. Ukiziba, damu itaganda ndani, na figo zake zimechoka, hazitavumilia. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, na alieleza mara mbili ili nielewe. Mimi nilielewa tangu mara ya kwanza. Kisha akasema: muulize kama unatoka, kama unauma, kama una damu.

Nilisimama miguuni pa kitanda, macho kwenye shuka. Kiingereza chote nilikuwa nacho, na Kiswahili, na Kishambaa cha nyumbani. Nikasema, "Baba, unaendeleaje?"

"Sijambo, mwanangu. Nzuri tu. Mwambie namshukuru Mungu."

Ningefanya nini? Nikamwambia daktari anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Daktari akatikisa kichwa kwa furaha, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Yeye hakuwa wa kusubiri chai.

Nesi alimwachia chombo cha plastiki chenye mistari ya kupimia, akojolee humo. Nilitoka nje kila mara ili mzee apate faragha, na niliporudi chombo kilikuwa na kitu ndani, nesi anaandika, anaridhika. Lakini uso wa mzee ulikuwa unabadilika. Shingo ilimtoka jasho, chakula alikisukuma, na nilipomuuliza alisema ni hii mizizi ya manjano wanayotia kwenye mchuzi. Wanafunzi wangu nawafundisha kila mwaka, maana na Kiswahili nafundisha: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawaandikia ubaoni, nawatungisha insha. Nami nilikuwa nimesimama pale na methali yangu mdomoni kama mwiko mkavu.

Nikampigia mume wangu. "Muulize baba yako."

"Nimuulizeje mimi mambo hayo? Yule ni baba yangu."

"Na mimi ni nani wake?"

Akasema mtandao unasumbua. Nikampigia shemeji mkubwa, yule wa yesi na noo, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uko huko." Nilikata simu kwa hasira nikakaa kwenye ngazi za hospitali, watu wananipita na vyombo vyao vya chakula, nikalia. Baba wa watu anakufa kwa adabu, na adabu yenyewe ni yangu mimi.

Nilipomaliza kulia nikamkumbuka binti yangu, yuko chuo Dodoma. Huyo na babu yake ni mtu na mume wake. Kwetu mjukuu hana mipaka: tangu anajua kusema amekuwa akimwita "mume wangu", anamwambia amezeeka atafute talaka, na mzee anamjibu kwamba mahari aliyomtolea ni mbuzi mlemavu. Nikampigia, nikamweleza. Nikampa baba mkwe simu, nikatoka na kufunga mlango, lakini sikuenda mbali.

Nilisikia sauti ya binti yangu ikitoka kwenye simu, kali kama yangu. "Mume wangu, hebu niambie, umekojoa au unanidanganya?" Kisha mzee akacheka, kicheko chake cha Mtae ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuondoke. Wakazungumza Kishambaa, chini chini, muda mrefu.

Binti akanipigia. "Mama, hajakojoa tangu jana. Tumbo limekaza. Kwenye kile chombo anatia chai ya rangi, anachanganya na maji."

"Kwa nini?"

"Anasema alikuona uso wako yule daktari alipokuwa anakuuliza. Hakutaka uulizwe tena."

Nilikimbia kwenye korido huku nakitafuta Kiingereza, na kilipokuja kilikuja chote, bila haya, mbele ya wanaume na wanawake. Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakamsafisha damu iliyoganda. Daktari aliniambia tungechelewa kidogo tu angeondoka. Nikaketi nikamshukuru Mungu, nikajua shida imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nyama waliyoitoa mara ya kwanza walikuwa wameipeleka maabara, na majibu yakaja tunajiandaa kurudi. Daktari akaniita ofisini peke yangu. Ni saratani, akasema, na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Akaniuliza ameumwa mgongo kwa muda gani. Sikujua. Akauliza nyumbani nani anajua. Nikasema, marehemu mkewe. Akanipa dawa za kupunguza maumivu, akanishika bega akasema ni haki ya mgonjwa kuambiwa, nimwambie. Mimi.

Nikampigia mume wangu, akasema, "Usimwambie huko ugenini. Tutamwambia nyumbani." Nikampigia binti yangu. Yeye alisema, "Mama, mimi namtania tu babu. Hilo siwezi, siyo la utani." Na alisema kweli.

Tulipofika Mtae ua ulijaa watu. Wakaimba, wakamwombea, wakachinja. Kila mtu alimuuliza habari za India, naye akajibu nzuri, wale watu wanajua kazi, na mkwe wangu huyu amenisemea vizuri sana. Wanaume wa ukoo walikaa kikao kuhusu nani atamwambia. Walikaa kingine. Shemeji mkubwa akaona mchungaji anafaa. Mchungaji akaona ni jambo la familia. Mume wangu akaanza kwenda shambani alfajiri na kurudi giza. Niliwachukia wote, na mimi nikiwemo. Vile vidonge nilivyokuja navyo nilimwambia ni vya kukausha kidonda.

Jumamosi moja nilikuwa jikoni naosha masufuria, nikasikia anakohoa nje ya mlango. Huwa anakohoa ili nijue yupo. Nikatoka nikifuta mikono. Alikuwa amesimama kwenye miche yake ya peasi, ameegemea jembe.

"Mwanangu, yule daktari alisemaje mwishoni?"

"Alisema unaendelea vizuri, Baba."

"Namshukuru Mungu." Akainama, akang'oa jani lililokauka kwenye kopo moja. "Nataka kukuuliza kitu cha shamba. Pale kwenye mteremko chini ya nyumba panatosha peasi zote hizi. Lakini peasi unajua mwenyewe, unaipanda leo, unakuja kuila mtoto ameshaota ndevu. Viazi ndiyo vya haraka, msimu mmoja tu umevuna. Wewe unaonaje, nipande peasi au nipande viazi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kwa heshima kubwa kiasi kile. Nilijua anachouliza, na alijua kwamba najua. Kinywa changu kikafunguka kumwambia ukweli, kwa lugha yoyote kati ya zile tatu, na kilichotoka ni, "Panda peasi, Baba."

Nilisema hivyo nikiwa nimeinamisha macho, kama nilivyofundwa, na nadhani ndipo alipojibiwa. Kisha akaniitikia kwa upole, kama mtu aliyekaribishwa chai.

"Haya, mwanangu, ahsante. Basi nitapanda viazi."

Akashuka mteremko na jembe lake, polepole, mkono mmoja kiunoni. Nilitaka kumfuata nikamshike mkono, lakini mkono wake sijawahi kuushika, na sikujua ningeanzaje. Viazi vilikubali sana mwaka ule. Tulivivuna sisi.