Koti la Nabii Nuhu

Mteja wangu Mhasidi hununua makoti ya baridi. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yakifunguliwa mwezi wa kumi, huja Guangzhou, nami humtembeza Shisanhang tangu alfajiri, maana soko lile la nguo hufungwa mapema. Wahasidi ni wale Wayahudi wa makoti marefu meusi, nywele zimesokotwa kando ya masikio. Katika joto la huku, joto la Tanga kabisa ila halina harufu ya bahari, yeye hulivaa lake kutwa nzima na halalamiki. Mimi ndiye ninayetoka jasho kwa kumtazama.

Nilimpendea jambo moja. Kwao Taurati imekatwa mafungu, kila wiki na fungu lake, na marabi wake wa zamani walifundisha kwamba fungu la wiki si habari za watu waliokufa. Linakusema wewe, wiki hiyohiyo. Basi tukisubiri sampuli hufungua kitabu chake kidogo, akayumba mbele na nyuma kama tulivyoyumba sisi chuoni tukisoma juzuu, kisha akanieleza. Mtu aliyezunguka kama mimi, Dubai, Mumbai, Yiwu, mpaka hapa, hupata njaa ya sauti ya namna hiyo.

Ijumaa ile fungu lilikuwa la Nuhu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, laoban, mwenye duka, kaenda kututafutia rangi ya kahawia. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga na Kichina cha sokoni, Mhasidi akaniambia kwamba marabi wake hawakumsifu sana Nuhu. Baridi ikiingia nyumbani, walisema, yuko mtu atakayewasha moto, na wote waliomo wakapata joto. Na yuko atakayevaa koti la manyoya. Nuhu alivaa koti. Aliambiwa gharika inakuja, akajenga safina, akaingia na watu wake, na wale wengine hakuwaombea hata neno moja.

Damu ikanipanda. Nikamwambia huyo ni nabii, amani iwe juu yake, asimfanye mchoyo mbele yangu. Kwetu sisi Nuhu aliwaita watu wake usiku na mchana, kwa siri na kwa sauti, karne baada ya karne. Wao ndio waliotia vidole masikioni wasimsikie, wakajigubika nguo zao.

"Koti walivaa wao," nikasema. "Yeye alikuwa nje anawaita."

Laoban alikuwa amerudi, anatutazama kana kwamba tumekosana bei. Mhasidi alifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani, akaniomba nirudie hapo pa nguo. Nikarudia kwa ukali. Akasema hilo hakuwahi kulisikia, na ni zuri, ila halimpunguzii mtu kazi: vyovyote vile yuko aliyejifunika, na lazima nimtafute ni nani wiki hii. Nikaona ananibembeleza kama mtoto. Nikamfikisha kituo cha metro bila kumpa mkono.

Baada ya sala ya Ijumaa nikapigiwa simu na mama mmoja wa Bukavu, mnunuzi wa viatu niliyezoeana naye kwenye masoko ya Liuhua. Mwenye nyumba kamtoa. Jengo halitaki tena wageni. Hapa mgeni lazima aandikishwe polisi kwa anwani anayolala; asiye na anwani haongezewi viza, na viza yake ilikuwa inaelekea kwisha. Nikamkuta kwenye ngazi, kakalia mzigo, anakula mkate.

Mimi nina chumba kimoja na yeye si maharimu wangu. Nikaenda kwa Haji mmoja wa kwetu pwani, mwenye mke na vyumba vitatu, kimoja hakina mtu, kimejaa maboksi. Huyu ndiye anayetutolea darasa kila Ijumaa. Alinisikiliza mlango ukiwa nusu. Akasema yeye hakatai, ila polisi wataanza kumzoea, na mama mwenyewe si wa kwetu, si wa dini yetu, hatujui atokako. Kisha akalainisha sauti.

"Ndugu yangu, hata mwana wa Nuhu hakupanda."

Mara ya pili siku hiyo, Nuhu, na safari hii kutoka kinywa cha Mwislamu mwenzangu.

"Mwana wa Nuhu aliitwa na babake akakataa mwenyewe," nikamwambia. "Huyu mama nani kamwita?"

"Umeishia kidato cha nne, leo unanisomesha mimi?"

"Nakuomba chumba, Haji."

"Salamu nyumbani," akasema, akafunga.

Nikampigia Mhasidi. Nilitaka aniulizie hotelini kwake, na nilitaka pia kumtukana. Hakupokea. Jua lilikuwa limezama, Sabato imeingia, na simu kwake ni haramu mpaka kesho jioni. Kaninogeshea fundisho asubuhi, sasa kakaa mezani anaimba. Nikarudi kwenye ngazi ninasema peke yangu: Haji hivi, Myahudi vile, Nuhu kasingiziwa na wote wawili. Mama wa Bukavu akakung'uta makombo mapajani.

"Papa, Noé alishakufa," akasema. "Hizi valizi nani atazibeba?"

Nikazibeba. Nikampa ufunguo wangu, nikachukua mto na begi, nikaenda kulala godauni kwa wasafirishaji, juu ya marobota. Asubuhi mwenye nyumba wangu, bibi wa Kichina asiyependa maneno mengi, akaenda naye polisi. Ila chumba kimoja, mtu mmoja. Ili jina lake liingie, langu likatolewa. Yeye akapata anwani. Sasa anayetafuta ni mimi.

Wapo walionisifu kwa hilo. Waache. Sikufanya kwa wema, nilifanya kwa hasira, na hasira haijaisha. Kile chumba cha maboksi bado kiko vilevile, na Haji bado anatoa darasa, watu wanaitikia amina.

Wiki iliyofuata Mhasidi aliniandikia. Fungu limefika kwa Ibrahimu, ameambiwa aondoke kwao, wala hakuambiwa aendako. Marabi wake wanaona hapo ndipo penye heshima yake. Nikamjibu kwamba Ibrahimu alitoka na mke, mifugo na watumishi, na kwamba mimi niko Foshan, mji wa jirani, kituoni, natafuta anwani, nina begi moja na mto.