Tulimwacha Babu Kwenye Jumba la Saa

Bibi yangu, Hsiu-luan, amepika uji wa samaki sokoni Tainan, Taiwan, miaka arobaini na moja, na sijawahi kumwona akiogopa kisu, moto wala mteja mlevi. Siku ile Kioto nilimwona akiogopa, na hofu yake ikanihamia.

Tulikuwa wawili tu, pamoja na Babu, aliyefariki wakati wa baridi. Babu alikuwa fundi saa. Maisha yake yote alitamani kuliona jumba moja la makumbusho ya saa kule Kioto, Japani, asijaliwe kwenda. Kwa hiyo Bibi alichota majivu ya ubani kwenye madhabahu ya nyumbani tunapomfukizia Babu, akayatia kwenye kimfuko chekundu, akakivaa shingoni. Kila daraja, kila mlango, alimwambia: "Mzee, tunavuka. Mzee, tunaingia, inua mguu." Marehemu asipoambiwa, hubaki pale pale.

Ndani ya jumba aliendelea vivyo hivyo, chumba baada ya chumba, saa mia kadhaa zikigonga kwenye kuta zote. "Mzee, hebu itazame hii, ina chura!" Watu wakageuka. Masikio yangu yaliwaka kwa aibu. Tulipofika mlango wa nyuma, wa kutokea bustanini, nikambana mkono.

"Bibi, nyamaza basi. Wanatucheka."

Akanyamaza. Tukatoka.

Bustanini miti ya cheri ilikuwa imechanua, watu wamejaa kwenye maturubai ya buluu, viatu vimepangwa pembeni. Bibi akatandika kitambaa, akaweka keki tatu za mchele: yake, yangu, ya Babu. Kisha akatoa sarafu mbili amuulize Babu kama maua yamempendeza. Moja ikilala uso juu na nyingine uso chini, amesema ndiyo. Zikalala zote upande mmoja: hapana. Akarusha tena. Vilevile. Mara ya tatu pia.

"Labda amenuna," nikasema.

"Babu yako? Anunie keki?" Akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Ning. Pale mlangoni, nilimwita?"

Nikaitazama keki ya Babu.

"Nimemwacha," akasema, akikikamata kimfuko. "Nimemwacha nchi ya watu, hata neno la kuombea maji hajui."

Shuleni mambo haya tunayacheka. Lakini pale sikucheka. Ndege yetu ilikuwa alfajiri, na jumba lilikuwa linafungwa saa kumi na moja jioni: imebaki robo saa. Nilimwona Babu waziwazi, amesimama katikati ya saa zile, taa zinazimwa moja moja, naye anatungoja kwa adabu.

Tukakimbia, Bibi na magoti yake mabovu. Mlinzi, mzee mwenye glavu nyeupe, alikuwa anafunga. Nikaandika kwenye simu itafsiri: "Tumemsahau babu yangu ndani."

Akapauka. Akaita kwa redio, wenzake wawili wakaja mbio, wakaanza kugonga milango ya vyoo na kuchungulia nyuma ya makabati. Amevaaje? akaniuliza kwa simu. Nikajibu ukweli: koti la kijivu na miwani. Ndilo koti tulilomzika nalo.

Bibi akapenya ndani, hana habari nao. "Mzee! Nisamehe, ni huyu mtoto kanifunga mdomo! Twende! Ukininunia nitakuacha kweli, shauri yako!" Kisha sauti ikapasuka. "Usibaki huku, mume wangu."

Hapo saa zote zikalia kwa pamoja. Nilipiga yowe, nikamkumbatia Bibi. Zilipokoma, Bibi akarusha sarafu sakafuni. Moja ikatulia. Nyingine ikazunguka, ikazunguka, mimi sipumui.

Moja juu, moja chini.

Mlinzi akatufikia akihema, macho yamemtoka. Bibi akamwinulia kile kimfuko. Akakitazama, nikajua sasa atafoka. Badala yake akakiinamia, chini kabisa, akaenda kutufungulia mlango.

Bibi akanigeukia. Nikaelewa ni zamu yangu.

"Babu," nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "tunatoka. Kuna ngazi mbili. Inua mguu."

Bibi akapita, nami nikapita. Mlinzi akabaki ameushika mlango wazi, akitazama ngazi, mpaka mtu wa tatu apate nafasi ya kushuka.