Mke Wangu, Trafiki wa Intaneti

Mtaani wanamwita mke wangu Trafiki, ingawa hajawahi kusimama barabarani na filimbi. Kazi yake ni kuongoza njia kuu za intaneti, zile nyaya zinazobeba simu, filamu na barua pepe za nchi nzima. Mimi ni fundi cherehani. Najua shati likibana mshono unafumuliwa wapi. Yeye anajua njia ikibana mzigo upitishwe wapi. Na habahatishi. Nimemwona akitafuna karanga huku skrini nzima imewaka nyekundu.

Siku ya usaili wa binti yetu, wa kuingia chuo cha uuguzi, mama yake alikuwa zamu ya mchana. Usaili ulifanyika kwa video. Nilisafisha meza yangu ya kupigia pasi, nikatundika kitambaa cha pazia nyuma yake, walimu wasije wakaona suruali za watu zisizo na zipu. Walishamwonya mapema: atakayetoweka muda mrefu, nafasi yake anaitiwa mwingine. Binti akaanza vizuri, anajibu bila kumung'unya maneno. Mara sura za walimu zikaganda, mmoja kaachama mdomo. Kisha wote wakapotea.

Maji yakanifika shingoni. Nikampigia mama yake.

"Mama watoto, mtoto amekatika katikati ya usaili! Fanya kitu!"

"Naona. Katapila limekata waya kwenye njia fupi, imebaki nusu. Mwenzangu kaogopa, kaifunga njia fupi yote, mzigo wote ukarukia njia ndefu, nayo ikazidiwa. Sasa naugawa."

"Basi tupitishe sisi kwanza! Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mtoto wake?"

"Mume wangu, kila mtu ana mtoto kwenye ile njia."

Akakata simu. Nilifoka peke yangu mpaka mteja aliyefuata gauni lake akageuzia mlangoni. Binti alikaa palepale mbele ya pazia, mikono mapajani, akiitazama skrini tupu.

Huko kazini, kama alivyonisimulia baadaye, mke wangu alianza kupanga mzigo kwa aina yake. Filamu na mafaili ya maofisi, ambayo hayaharibikiwi yakichelewa kidogo, akayapa alama ya kuzunguka njia ndefu. Maongezi ya watu wanaotazamana akayarudisha kwenye nusu ya njia fupi. Hakuhamisha kwa mkupuo kama mwenzake. Alihamisha kidogo, akatazama, akahamisha tena, hospitali kwanza, kisha mtaa baada ya mtaa.

Walimu wakarudi kwenye skrini. Yule aliyeachama akasema, "Tulikuwa tunamwita mwingine. Bado uko tayari?"

"Niko tayari," binti akajibu, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. Nikajua huyu ni wa mama yake.

Ujumbe kwamba amepata nafasi ulitukuta mezani, tunakula. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Tulipotulia, binti akauliza, "Mama, siku ile ulijua kwamba na mimi nimekatika?"

"Nilijua. Ndiyo maana mtaa wetu niliuweka wa mwisho."

Kijiko changu kikaishia njiani. "Wa mwisho? Mtoto wako wa kumzaa?"

"Ningeanza na yeye, nisingemwona mwingine yeyote. Na hapo ningekosea, njia izidiwe tena, akose yeye na wenzake wote."

Nilikasirika, sifichi. Nafasi ya mtoto ilikuwa imeponea chupuchupu, na mama mtu alikuwa amemwacha nyuma ya mji mzima kwa makusudi! Nikafungua kinywa nimpe zake. Lakini binti alikwishainuka, akazunguka meza, akamkumbatia mama yake kwa nyuma.

"Wodini na mimi nitafanya hivyohivyo," akasema.

Mke wangu akaweka kijiko chini, akaishika mikono yake. Nami hasira yangu ikakosa pa kukaa.